Leo Haturuki, Mheshimiwa

Mgeni rasmi aliyepanga kuondoka Singida saa tano asubuhi ataondoka saa tisa alasiri, na hilo halina mjadala. Kuna ngoma, kuna kwaya, kuna risala, kuna na diwani ambaye jina lake halimo kwenye ratiba lakini hawezi kuachwa. Baada ya hapo kuna chakula, na kuku wa Singida haliwi kwa pupa. Ndipo msafara unapofika kiwanjani na vumbi lake. Milango ya magari inafunguliwa, na rubani wa ndege ndogo, kijana mwenye shati jeupe lililolowa jasho mgongoni, anatazama mashariki ambako wingu limekwishapanda, kisha anamtazama mheshimiwa.

Nimeushuhudia utazamaji huo mara nyingi. Mimi sijawahi kushika usukani wa ndege. Nilikuwa mpima hali ya hewa, na sasa nimestaafu, nafuga kuku na kubishana na redio. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimajoto ndani ya lile sanduku jeupe la mbao lenye miguu, kupima mvua ya usiku, kuandika upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, kisha kusimama uwanjani na kuigawa mbingu kwa macho mafungu manane, niseme wingu limeshika mangapi. Marubani vijana waliniita Mzee Mawingu. Walinipigia simu kabla hawajawasha injini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Kapteni. Uko wapi?"

"Niko Dodoma, nataka kupandisha huko. Hali ikoje?"

"Sasa hivi ni safi. Wingu mafungu matatu, liko juu. Upepo ni wa mashariki na unavuma kweli. Ila njoo mapema, uondoke mapema."

Hilo la mwisho halikuwamo katika fomu yoyote ya kazi yangu. Nililiongeza mwenyewe kwa kuwa niliijua mbingu ya hapa, na niliwajua wenye shughuli wa hapa.

Saa zenyewe zilikuwa na vituko. Watu wa anga dunia nzima hutumia saa moja, ya Greenwich, ili rubani wa Dodoma na mwenzake wa nchi ya mbali wasipishane. Kipimo changu cha asubuhi niliandika 0600. Saa ya ukutani ilisema 9:00. Mke wangu alisema saa tatu, na chai inapoa. Wote watatu tulikuwa sahihi.

Ukitazama ramani, safari ya kutoka Dodoma kuja Singida ni jambo dogo. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 185, na ndege aina ya Cessna Caravan huzimaliza kwa takriban dakika arobaini. Hakuna bahari ya kuvuka. Hakuna mlima mkubwa njiani. Abiria hukaa akidhani anga yote ni barabara, kwamba rubani akikutana na wingu atalikwepa kulia au kushoto kama apendavyo. Mambo hayako hivyo. Ndege ndogo ina nafasi finyu kuliko basi la Singida–Dodoma, na juu ya hapo haiwezi kusimama pembeni dereva akatafakari.

Tuanze na hewa yenyewe. Mji wa Singida uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yaani futi zinazokaribia 5,000. Huko hewa ni nyepesi, na joto huzidi kuifanya nyepesi. Vipimo vya kimataifa vinachukulia kwamba kwenye futi 5,000 joto liwe nyuzi 5 za Selsiasi. Mchana wa Oktoba hapa kwetu nyuzi 28 ni jambo la kawaida. Marubani wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi moja iliyozidi, ongeza futi 120. Nyuzi zilizozidi ni 23. Zidisha, utapata futi 2,760. Maana yake ndege ambayo bado imekanyaga ardhi ya Singida, matairi hayajanyanyuka hata inchi, hufanya kazi kama iliyo futi zaidi ya 7,700 angani. Mbawa hazipati hewa ya kuegemea, panga la mbele halipati hewa ya kukamata, injini ya pistoni haipati hewa ya kuchomea mafuta. Itahitaji njia ndefu zaidi ili iruke, na ikiruka itapanda kwa shida.

Sasa mlete mgeni na zawadi zake. Mtu haondoki Singida mikono mitupu. Ni kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Dumu la lita 20 la mafuta hayo lina uzito wa kilo 18 na ushei. Madumu manne yanakaribia kilo 74, ambazo ni mtu mzima mwingine aliyepanda bila tiketi. Nilimwona rubani mmoja akitoa mzani wa bafuni chini ya kiti, akauweka kwenye changarawe na kupima dumu moja moja mbele ya waliomzawadia mgeni, akiandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja. Akajumlisha. Akasema mawili yabaki. Ofisa aliyeongoza msafara akamwambia, "Kijana, hii ndege ni ya kubeba watu sita, na sisi tuko wanne." Rubani akajibu kwa adabu zote, "Ni kweli mkubwa, saa moja asubuhi ni ya watu sita." Madumu mawili yakarudi kwenye gari. Nadhani yalinywewa na msafara wa barabarani.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo asubuhi huwa ya kupendeza mno, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Jua linapasha ardhi, unyevu unapanda, na ikifika saa saba mawingu meupe ya kuchezacheza yamekwishaungana na kujenga wingu la radi. Wingu hilo laweza kufika futi 40,000 na zaidi. Caravan imeidhinishwa hadi futi 25,000, na Cessna ndogo nyingi za pistoni hata nusu ya kimo cha wingu hazifiki. Kwa hiyo kupita juu hakupo. Kupita ndani, hapana: humo mna hewa inayopanda na hewa inayoshuka zikipishana kwa nguvu ya kuvunja bawa, na barafu ya mvua ya mawe. Kupita chini yake kunavutia, kwa sababu rubani anaiona nuru upande wa pili. Lakini chini ya wingu hilo hewa baridi huporomoka na mvua, ikifika ardhini hutawanyika pande zote, na ndege iliyo karibu kutua hukuta upepo wa mbele umegeuka ghafla ukawa wa nyuma. Iliyobaki ni kuzunguka, na kwa mbali. Ushauri unaofundishwa ni kulipa wingu kubwa la radi nafasi ya maili 20 za anga, karibu kilomita 37. Likiwa juu ya Manyoni, kilomita 37 zinakupeleka kwingine kabisa, na mafuta yanahesabiwa. Sheria inamtaka rubani anayeruka mchana kwa kutazama nje awe na akiba isiyopungua dakika 30 akifika aendako. Si kila kiwanja kina pampu.

Kiangazi nacho kina yake. Kuanzia Juni upepo wa Singida, ambao wenye mitambo ya umeme wameumezea mate kwa miaka, huvuma siku nzima, na kiwanja chenye njia moja hakigeuki kuufuata. Chamchela huzunguka na vumbi jekundu hadi juu ya paa za shule. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba na vichaka vya Itigi hutanda, mbingu inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mlima niliozoea kuupimia mwonekano hautokei wiki nzima. Ongeza na flamingo wa maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo jirani kabisa na mji. Michael Grzimek, Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege yenye milia ya pundamilia, alikufa Januari 1959 baada ya kugongana na tai mmoja tu.

Kuna jambo moja ambalo abiria wengi hawalijui, na ndilo linaloua. Rubani wa ndege ndogo anaweza kuruka kwa namna mbili: kwa kutazama nje, au kwa kutazama vyombo. Anayeruka kwa kutazama nje anatakiwa, chini ya futi 10,000, aone kilomita 5 mbele yake na akae futi 1,000 juu au chini ya wingu na mita 1,500 pembeni yake, isipokuwa akiwa chini kabisa nje ya anga inayoongozwa, ambako inatosha asiguse wingu na asipoteze ardhi machoni. Kwa nini masharti makali hivyo? Kwa sababu mwili wa binadamu haujui kuruka. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji vinavyotuambia tumeinama au tumenyooka. Ukigeuka polepole kwa muda, majimaji yanaifikia kasi ya mwili na kutulia, na sikio linaapa kwamba umenyooka ilhali ndege imelala ubavu. Ukiinyoosha, sikio linapiga kelele kwamba sasa ndiyo unapinduka. Nje ya wingu macho hulisuta sikio. Ndani ya wingu hakuna wa kulisuta.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilichukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kutegemea vyombo, kikawaziba wasione nje, na mwalimu akakaa pembeni yao. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Ni dakika tatu kasoro sekunde mbili. Risala moja ya Singida ina aya ya utangulizi inayozidi hapo.

Na wingu likificha mlima, hata mwenye vyombo hapaswi kubahatisha. Kaskazini-mashariki yetu, kama kilomita 80, umesimama Hanang, mita 3,417, futi zaidi ya 11,000, peke yake katikati ya tambarare. Siku safi ni alama nzuri ya njia. Siku ya mvua haupo machoni, na upo pale pale. Ni mlima ule ule ambao Desemba 3, 2023 ulishusha tope juu ya Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Afrika Mashariki ina orodha yake ya milima inayojifunika. Septemba 1, 1999, ndege ndogo iliyotoka Serengeti iligonga Mlima Meru na watu wote 12 wakafa. Novemba 15, 2017, Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka karibu na kreta ya Empakaai, nyanda za juu za Ngorongoro, watu 11 wakafa. Juni 5, 2018, Caravan nyingine, kutoka Kitale kwenda Nairobi, iligonga milima ya Aberdare, watu 10. Halafu Bukoba, Novemba 6, 2022: ndege kubwa kidogo, ATR ya Precision Air yenye watu 43, asubuhi ya mvua na mawingu, ikaishia ndani ya Ziwa Viktoria hatua chache kutoka kiwanjani. Watu 19 walikufa, na wavuvi wa mitumbwi ndio waliofika kwanza.

Hayo ni ya chini na ya juu. Bado pembeni.

Anga imegawanywa kama jengo la ghorofa lisiloonekana. Vyumba vingine viko wazi kwa kila mtu, vingine unabisha hodi na kusubiri kujibiwa, vingine vimefungwa kwa kufuli. Kwenye ramani ya rubani vyumba hivyo vina mipaka, vina sakafu na dari kwa futi, na vingine vina saa zake za kufunguliwa na kufungwa. Kila kimoja kina herufi mbili za nchi, HT kwa Tanzania, kisha herufi inayoeleza ukali wake: P ni marufuku kabisa, R ni ruhusa kwa masharti, D ni hatari, ingia ukijua kuna mizinga inafanyiwa mazoezi au jambo la namna hiyo. Msingi wake ni Mkataba wa Chicago wa Desemba 7, 1944. Kifungu cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Cha tisa kinairuhusu kufunga sehemu ya anga hiyo kwa sababu za kijeshi au usalama wa umma.

Zaidi ya vyumba vya kudumu kuna vya muda, vinavyotangazwa kwa taarifa ambazo dunia nzima huziita NOTAM. Leo njia imefunguliwa, kesho inafungwa saa mbili. Kwa rubani wa Singida hili lina uzito wa pekee kwa sababu jirani yetu wa mashariki ni Dodoma. Tangu Serikali ihamie huko, na hasa tangu Ikulu ya Chamwino izinduliwe Mei 20, 2023, ile si tena anga ya mji wa zabibu. Kiongozi mkuu wa nchi akiruka au kutua, wengine husubiri. Nimeongea na rubani aliyekaa anazunguka duara moja la mbali huku mafuta yakipungua na wingu la Bahi likinenepa mbele yake, kwa kuwa chumba cha mbele kilikuwa kimefungwa na cha nyuma kilikuwa kinafungwa na mvua. Hapo ndipo masuala mawili yanapokutana, hali ya hewa na mipaka. Wingu haliheshimu ramani. Linamsukuma rubani kule ambako ramani imemkataza.

Kusini nako, wilaya ya Manyoni ina mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kuna viwanja vya vumbi humo, lakini hutui bila ruhusa ya wenye pori, na ndege inayozunguka chini chini bila taarifa hutiliwa shaka, na haki ipo. Mwishoni mwa Januari 2016, jirani na Serengeti, katika Pori la Akiba la Maswa, majangili walimpiga risasi rubani Mwingereza Roger Gower akiwa kwenye helikopta anawasaidia askari wa wanyamapori. Alikufa. Pori halijui ndege ya rafiki na ya adui isipokuwa kwa taarifa.

Kosa la kuingia pasipo ruhusa huishia wapi? Mara nyingi kwenye barua ya kujieleza, faini, au leseni kusimamishwa. Mei 11, 2005, Cessna 150, ndege ya viti viwili inayotumika kufundishia, ilipotea njia ikaingia anga ya Washington. Bungeni na Ikulu ya Marekani watu wakakimbizwa, ndege za kivita zikapanda na kurusha miali ya moto kuwaonya. Wale wawili waliokuwamo walishushwa salama, wakatiwa pingu, kisha wakaachiwa. Lakini si kila mahali pana subira hiyo. Mei 4, 2020, huko Bardale, Somalia, ndege ya mizigo ya Kenya iliyobeba misaada ya wakati wa korona ilipigwa risasi ikikaribia kutua, watu sita wakafa. Jeshi la Ethiopia lilikiri kwamba askari wake ndio waliofyatua. Hawakuwa na taarifa ya ndege hiyo, wakadhani inakuja kujilipua. Na hayo yalitokea miaka 36 baada ya mataifa kuongeza kwenye Mkataba wa Chicago, Mei 1984, kifungu kinachokataza kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani.

Mtu ataniuliza, je, rada hazimwoni rubani aliyekwama? Watanzania tunaijua rada kuliko mataifa mengi, ingawa si kwa sababu nzuri. Ile iliyonunuliwa kwa BAE ya Uingereza miaka ya mwanzo ya 2000 iligharimu pauni milioni 28, Benki ya Dunia ikasema ni ghali mno, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati. "Chenji ya rada," tukaiita. Baadaye, kwa mkataba wa mwaka 2017, zikanunuliwa nne za kiraia na kusimikwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa. Lakini mawimbi ya rada huenda mstari ulionyooka. Ndege kubwa inayopita futi 35,000 juu ya Iramba huonekana vizuri. Kijana aliye futi 1,500 juu ya mbuga ya Wembere, nyuma ya vilima vya Sekenke, haonekani. Redio yake nayo ni hivyo hivyo, hamsikii mwongoza ndege aliye mbali. Basi wana ustaarabu mmoja ambao nimeupenda daima: rubani wa ndege ndogo huita ndege yoyote kubwa iliyo juu yake, na kapteni wa masafa marefu, ambaye hamjui na hatamwona, anaupokea ujumbe na kuufikisha Dar es Salaam. "Ndege ndogo magharibi ya Singida inakwepa wingu, inaomba kupita hapa." Jibu hushuka kwa njia ile ile.

Akibanwa kabisa, sheria inampa mlango. Atangaze dharura, neno "Mayday" mara tatu, aweke namba 7700 kwenye kifaa kinachomtambulisha kwa rada, apite popote panapookoa maisha, ajieleze akiwa hai. Marubani vijana huona aibu kulitamka neno hilo. Wanafikiri wataonekana hawajui kazi. Mzee mmoja wa anga, aliyekuwa akileta madaktari upande wa Haydom, aliniambia amelitamka zaidi ya mara moja na kila mara alilipia kwa fomu za kurasa nyingi, na kwamba hajawahi kumsikia marehemu akijaza fomu.

Kazi ninayoiona ngumu kuliko zote mkoani ni ya kunyunyizia dawa kwelea kwelea. Ndege hao wakiingia kwenye mtama na uwele wa mkulima wa Mkalama au Iramba, msimu umekwisha. Huwezi kuwapiga mchana wakiwa wametawanyika. Inabidi kuwasubiri warudi kulala jioni, kwenye matete au vichaka, kwa malaki. Sasa hesabu. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Sisi tuko karibu na ikweta, giza haliji kwa hatua. Baada ya jua kuzama una dakika kama ishirini za kuona. Rubani anafika kichakani jua linapogusa ardhi, anaruka chini kabisa, juu kidogo ya miti, akipuliza sumu huku kundi likifumuka mbele ya kioo. Radi inamulika Wembere. Kisha ana dakika hizo chache za kukifikia kiwanja kisicho na taa hata moja. Niliwahi kumsindikiza bwana shamba kwenda kuweka magari mawili kichwani mwa njia, taa zimewashwa, na vijana kufukuza ng'ombe. Rubani alishuka, akavua kofia, akaomba maji, akauliza kama ng'ombe ni wa nani maana mmoja alibaki.

Nirudi kwa wakubwa wenye haraka. Katika miaka yote ile niligundua kwamba wingu halimlazimishi rubani kuruka. Anayemlazimisha amesimama kando yake na ana kikao kesho Dodoma. Kijana ana mkataba wa mwaka mmoja, tajiri wake anapiga simu, mheshimiwa anatazama saa, msaidizi ananong'ona kwamba wiki iliyopita rubani mwingine aliruka kwenye hali mbaya kuliko hii. Sheria haina utata: mwamuzi wa mwisho ni rubani aliyekabidhiwa ndege, hata aliyekaa nyuma awe nani. Lakini sheria iko kwenye kabati, na mheshimiwa yuko pale kwenye changarawe. Mimi nawaheshimu wale waliosema, kwa sauti ya chini, "Leo haturuki, mheshimiwa," kuliko wote walioruka wakafika. Tena nawaheshimu wageni waliojibu, "Haya, tutafutieni pa kulala." Wapo. Mmoja aliagiza kuku mwingine.

Siku hizi kuna wengine angani ambao hawapigi simu kwa mpima hali ya hewa. Harusi haijakamilika bila droni. Jumamosi moja mtaani kwetu Utemini nilimkuta kijana wa kamera akitandaza kile kidude chake chenye mapanga manne, bibi harusi akisubiri kupigwa picha kutoka juu. Nikamuuliza kama ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi.

"Kibali cha nini, mzee wangu? Hii ni harusi tu."

Nikamwonyesha upande wa mashariki. Caravan nyeupe ilikuwa inashuka, taa ya mbele inawaka, imekwepa wingu na kuja chini kuliko kawaida yake. Akaitazama, akakitazama kidude chake, akamwambia bibi harusi asogee kwenye maua, watapiga za chini.